Lisemwalo Huenda Halipo: Funzo la Villisca

WAHENGA walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii twaifunza shuleni, twaiandika katika insha, na mtahini akiikuta mahali pake huipa alama. Lakini wapo wanaoitumia nje ya insha: katika mabaraza ya vijiji, katika vituo vya matatu, na siku hizi katika simu za mkononi, kumtia mtu hatiani kabla hajafikishwa mbele ya hakimu. Mtu akikutwa ameuawa usiku, na jina la mwingine likatajwa asubuhi, methali hiyo hugeuka hukumu. Leo nawaomba walimu na wanafunzi tuitazame upya, tukiongozwa na kisa kilichotokea mbali na kwetu, ambacho hakijapata ufumbuzi kwa zaidi ya miaka mia moja.

Villisca ni mji mdogo katika jimbo la Iowa, nchini Marekani. Mnamo mwaka 1912 ulikuwa na wakazi wapatao elfu mbili, maduka kadhaa, makanisa, na reli iliyopitisha treni mchana na usiku. Jumapili ya tarehe 9 Juni mwaka huo, kanisa la Presbyterian lilikuwa na sherehe ya watoto, na Bi Sarah Moore alikuwa miongoni mwa waliokuwa wameiandaa. Ilipokwisha usiku, alirejea nyumbani pamoja na mumewe Josiah, watoto wao wanne, na wasichana wawili wa familia ya Stillinger, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 8, walioalikwa kulala hapo.

Asubuhi iliyofuata, jirani mmoja aliona kimya kisicho cha kawaida katika nyumba hiyo. Kazi za alfajiri hazikuwa zimeanzwa, na milango ilikuwa imefungwa. Akampasha habari nduguye Josiah, naye akaja na ufunguo. Hakufika mbali ndani ya nyumba kabla ya kurudi nje. Watu wote wanane walikuwa wameuawa vitandani kwa shoka. Shoka lenyewe lilikuwa mali ya Josiah, nalo lilikuwa limeachwa katika chumba walimolala wale wasichana wageni. Vioo vya nyumba hiyo vilikuwa vimefunikwa kwa nguo.

Hadi leo hakuna mtu aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo. Swali linalotuhusu si nani aliyeua, kwani hilo hatuwezi kulijibu sisi. Swali letu ni hili: ilikuwaje mji mzima, wenye watu wacha Mungu waliojuana kwa majina, ukashindwa kulijibu?

Jibu la kwanza linapatikana katika saa chache za asubuhi ile. Habari ilipoenea, watu walifurika. Yakadiriwa kuwa hadi mia moja walipita ndani ya nyumba hiyo kabla wanajeshi wa akiba wa jimbo hawajafika kuizingira. Walipanda ngazi, wakafunua shuka, wakagusa walichotaka kugusa. Wengi wao hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa majirani wenye simanzi na udadisi, kama ambavyo sisi tungekuwa. Lakini kila unyayo uliongeza alama zake na kufuta za mwingine. Sayansi ya alama za vidole haikuwa ngeni wakati huo. Mwaka mmoja tu nyuma yake, mnamo 1911, mahakama kuu ya jimbo jirani la Illinois ilikuwa imekubali alama hizo kuwa ushahidi halali katika kesi ya mauaji. Huko Villisca mtaalamu wa alama za vidole aliitwa, ila hakupata kitu cha kufaa. Penye wengi pana mengi, na siku hiyo wingi ulikuwa hasara.

Ushahidi wa vitu ulipokosekana, ulibaki ushahidi wa maneno. Nao mji haukukosa maneno.

Josiah Moore aliwahi kuwa mwajiriwa wa Frank Jones, mfanyabiashara tajiri aliyekuwa pia seneta katika bunge la jimbo. Moore aliacha kazi, akafungua duka lake mwenyewe la zana za kilimo, na akaondoka na haki ya kuuza bidhaa za John Deere. Uhasama wao ulijulikana na wote. Kwa hiyo, mji ulipouliza nani aliyemchukia Moore, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Miaka michache baadaye, mpelelezi wa kampuni ya binafsi aliyeitwa James Wilkerson alilichukua neno hilo na kulitembeza hadharani. Alidai kwamba Jones alimkodi mtu aliyeitwa William Mansfield atekeleze mauaji. Mnamo 1916 Mansfield alikamatwa, lakini orodha ya mishahara ya mwajiri wake ilionyesha kuwa wakati wa mauaji alikuwa kazini katika jimbo la Illinois. Aliachiliwa, akamshtaki Wilkerson, na mahakama ikaamuru alipwe fidia ya zaidi ya dola elfu mbili.

Jones naye hakushtakiwa kamwe kwa mauaji hayo. Hata hivyo, mji uligawanyika pande mbili, wengine wakiwa naye na wengine wakimpinga, na mgawanyiko huo ukaingia hata makanisani, kwa kuwa Moore alikuwa Mpresbiteri na Jones Mmethodisti. Hukumu ambayo mahakama haikuitoa, baraza na soko viliitoa.

Wakati huohuo jambo jingine halikupewa uzito uliostahili. Kati ya mwaka 1911 na 1912, familia nyingine ziliuawa usingizini kwa shoka katika miji ya Marekani iliyokuwa kando ya reli, ikiwemo Colorado Springs katika jimbo la Colorado na Ellsworth katika jimbo la Kansas. Wapo wachunguzi walioona tangu zamani kuwa huenda muuaji alikuwa mmoja aliyesafiri kwa treni, na mnamo 2017 Bill James na binti yake Rachel McCarthy James walichapisha kitabu kizima kutetea rai hiyo. Nayo haijathibitishwa. Lakini yafaa kuona jinsi mji ulivyovutwa na ugomvi uliokuwa ukiufahamu. Uvumi hauendi kumtafuta mgeni asiyejulikana. Humrudia yule ambaye jina lake limezoeleka vinywani.

Kisha akaja mtu wa tatu, na kwake ndipo isimu inapogusana na haki. Kasisi George Kelly, mzaliwa wa Uingereza, alikuwa mhubiri msafiri. Alihudhuria ile sherehe ya watoto, na akaondoka Villisca kwa treni alfajiri ya tarehe 10. Alikuwa mtu mwenye matatizo ya akili, na aliwahi kulazwa hospitalini kwa sababu hiyo. Alishtakiwa mwaka 1917. Mwezi Agosti mwaka huo, baada ya kuhojiwa usiku kucha, alitia sahihi maungamo kwamba yeye ndiye aliyeua, na kwamba sauti ya Mungu ilimwamuru. Baadaye aliyakana. Katika kesi ya kwanza, jopo la raia kumi na wawili lilishindwa kuafikiana. Katika kesi ya pili, mwezi Novemba, jopo jingine lilimwachilia huru.

Katika Kiswahili tuna kuungama na tuna kukiri. Kamusi huweza kuyaweka maneno haya bega kwa bega, lakini sikio la mzungumzaji huyatenganisha. Kuungama kuna harufu ya ibada: mwenye dhambi hufungua moyo wake, na msikilizaji hana haja ya kupeleleza, kwa maana lengo ni msamaha. Kukiri mahakamani hakupaswi kuwa hivyo. Hapo msikilizaji ana wajibu wa kuuliza: maneno haya ni ya nani? Ni nani aliyeyataja kwanza, mhojiwa au mhojaji? Je, yamo ndani yake mambo ambayo muuaji peke yake angeyajua? Kuhusu Villisca, swali hilo la mwisho lilikuwa gumu mno. Nyumba iliyopitiwa na watu mia haina siri, na magazeti yalikuwa yameyaandika ya humo kwa miaka mitano. Umati wa asubuhi ile, pasipo kujua, uliharibu hata thamani ya ungamo ambalo lingekuja baadaye.

Sheria yetu imejifunza kitu kuhusu jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 49, inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa, haki ya kunyamaza, na haki ya kutolazimishwa kukiri. Sheria ya Ushahidi nayo, katika kifungu cha 25A, hairuhusu ungamo kutumiwa mahakamani isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo maalumu asiyekuwa mpelelezi wa kesi hiyo, na mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Wapo wanaolalamika kuwa kinga hizi huwasaidia wahalifu. Naomba wamkumbuke mtu aliye mgonjwa wa akili, anayehojiwa hadi kunapambazuka. Asubuhi atasema lolote, na tukilipokea bila kulipima, tutamfunga yeye na kumwacha muuaji atembee.

Sasa turudi kwenye methali yetu. Kiambishi li- katika lisemwalo chaweza kusimamia neno, na chaweza kusimamia jambo, maana nomino zote mbili zimo katika ngeli moja. Tukisema neno lisemwalo lipo, tumesema kweli, kwa kuwa neno likishatamkwa, lipo. Lakini tukisema jambo lisemwalo lipo, tumefanya dai zito linalohitaji ushahidi. Hatari ni kuingia kwa mlango wa neno na kutokea kwa mlango wa jambo bila mtu kutuona. Neno kwamba Jones alimkodi muuaji lilikuwepo Villisca, na wengi waliweza kushuhudia kuwa wamelisikia. Kuhusu jambo lenyewe, hakuna mahakama iliyowahi kulithibitisha.

Zaidi ya hayo, kitenzi cha methali hii kimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Linasemwa na nani? Haielezwi. Hivyo ndivyo lilivyo pia neno tulipendalo sana, inasemekana. Msemaji hulitanguliza, kisha hujificha nyuma yake. Zipo lugha, kama Kituruki, ambazo humpa msemaji kiambishi cha kitenzi cha kuonyesha kuwa habari anayoitoa hakuishuhudia kwa macho. Kiswahili hakitulazimishi kufanya hivyo kwa viambishi, lakini kinatupa maneno ya kutosha: niliona, nilisikia, niliambiwa na fulani, nadhani. Kuyachagua kwa uaminifu ni suala la maadili kabla ya kuwa suala la sarufi.

Vivyo hivyo kuhusu mshukiwa, mshtakiwa, na mhalifu. Haya si visawe vya kubadilishana ili insha ipendeze. Mshukiwa ni mtu anayedhaniwa kutenda; mshtakiwa ni yule aliyefikishwa mahakamani; mhalifu ni yule ambaye hatia yake imethibitishwa. Mwanafunzi anayeandika kwamba muuaji amekamatwa, ilhali aliyekamatwa ni mshukiwa, amefanya kosa ambalo kalamu nyekundu haina budi kuliona. Twawakata wanafunzi alama kwa upatanisho wa kisarufi uliokosewa. Je, twawakata kwa kumhukumu mtu kwa nomino?

Nitapingwa kwamba uvumi mara nyingine huwa kweli, na kwamba minong'ono ya kijiji imewahi kuwaelekeza wapelelezi mahali pafaapo. Sikatai. Minong'ono ni mahali pa kuanzia uchunguzi. Anayejua kitu na akipeleke kwa wanaohusika, aseme alikijuaje, kisha akubali kuulizwa. Ninachokataa ni kuufanya mnong'ono kuwa mwisho wa uchunguzi, kwa maana mji ukishajiridhisha kuwa unamjua muuaji, hakuna anayeendelea kumtafuta.

Leo nyumba ile ya Villisca ingalipo. Ilinunuliwa mwaka 1994, ikakarabatiwa ionekane kama ilivyokuwa mwaka 1912, na watalii hulipa ili kuizuru, hata kulala humo usiku. Majina ya wanaoshukiwa hurudiwa kila msimu. Wale watoto sita walioimba na kusoma kanisani jioni ile bado wanadaiwa jibu, na waliokuwa na uwezo wa kulitoa wamekwisha kuzikwa.

Kwa hivyo sisemi tuitupe methali ya wahenga. Tuendelee kuifunza, ila pamoja nayo tumfunze mwanafunzi maswali matatu ya kuuliza kila aisikiapo: Limesemwa na nani? Amejuaje? Na kama halipo, ni nani atakayeumia? Darasa litakalozoea maswali hayo, siku ya msiba litasimama nje ya mlango, liwaache wenye kazi waingie kwanza.