Maoni: Moraa Si Mhusika Msaidizi

Mwanafunzi mpendwa, ukiulizwa umtaje shujaa wa Abagusii, jamii ya kaunti za Kisii na Nyamira za leo, bila shaka utaandika Otenyo. Jibu hilo ni sahihi. Januari 1908 alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, ambaye alinusurika. Wanajeshi wa Uingereza wakaja, wakachoma nyumba, wakateka mifugo na kuua watu wengi. Otenyo naye akauawa.

Hata hivyo, masimulizi yanamtaja pia Moraa, mganga na mtabiri aliyewahimiza vijana wakatae kutawaliwa. Mara nyingi yeye hupewa sentensi moja tu, kana kwamba kazi yake ilikuwa kumwandalia Otenyo jukwaa. Kwa maoni yangu, huo ni uchambuzi wenye kasoro.

Wapo wanaodai kuwa Moraa ndiye aliyeiletea jamii maafa. Waulize: na mwaka 1905 je? Bunduki za Waingereza zilikuwa zimeshaua Abagusii kabla ya mkuki wa Otenyo kurushwa. Moraa hakuanzisha vita. Alikataa kuiita dhuluma amani.

Wakoloni wenyewe waliujua uzito wa maneno ya mwanamke. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasiutii utawala uliowataka watoe kodi na vibarua. Alikamatwa, akatolewa Pwani na kupelekwa kuzuiliwa Kisii, nyumbani kwa Moraa! Mwaka 1914 alitoroka na kufunga safari ya kurudi kwao kwa miguu. Je, serikali ingejisumbua kumpeleka mbali hivyo mtu ambaye maneno yake hayana nguvu?

Basi, unapochambua mighani au tamthilia, usimtafute shujaa kwa kuangalia silaha pekee. Jiulize: Ni nani aliyeiona hatari mapema? Ni nani aliyesema wengine waliponyamaza? Ni nani aliyelipia msimamo wake? Kisha thibitisha kila sifa kwa tukio.

Tahadhari moja: Moraa tunamjua zaidi kupitia masimulizi ya wazee. Usimtungie maneno ukayafunga kwa alama za kunukuu. Eleza alichofanya, na athari yake. Aliyeurusha mkuki apewe sifa zake. Aliyewafanya vijana waamini kuwa mkuki unaweza kurushwa naye apewe zake.