KITAMBI SI CHEO

Wengi wetu bado tunasifu unene. Mwenye kitambi tunamwita tajiri. Anayekonda tunamwuliza ana shida gani.

Hapa Karagwe sifa hii ni ya zamani. Mwaka 1861 Mwingereza John Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika. Aliwakuta wanawake wa jamaa ya mfalme wakinyweshwa maziwa mengi ili wanenepe. Mmoja alikuwa mnene hata hakuweza kusimama. Siku zile huo ndio uliokuwa uzuri.

Leo tunajua zaidi. Mafuta ya mwilini si akiba tu, kama mahindi ghalani. Mafuta hutengeneza homoni. Homoni ni wajumbe wanaopita katika damu.

Mjumbe mmoja ni leptini, aliyegunduliwa mwaka 1994. Yeye huuambia ubongo kuwa akiba ipo. Mjumbe mwingine ni adiponektini. Yeye huisaidia insulini, homoni inayotoka katika kongosho. Insulini huuwezesha mwili kuitoa sukari katika damu na kuitumia.

Mafuta yakizidi, hasa ndani ya tumbo, adiponektini hupungua. Leptini huongezeka, lakini ubongo hauisikii vizuri. Insulini nayo hubisha hodi, mwili usiitikie. Sukari hubaki katika damu. Kongosho likichoka, kisukari huingia. Kisipotibiwa huharibu macho, figo na miguu. Mkulima aliyekatwa mguu atapaliliaje kahawa yake?

Jipime nyumbani. Chukua kamba, pima urefu wako kutoka kisigino hadi utosini. Kata kamba hapo. Ikunje katikati, kisha izungushe tumboni juu kidogo ya kitovu. Ncha zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi. Mama mjamzito asitumie kipimo hiki.

Ndizi na maharage si adui. Adui ni kula kupita kiasi, soda, sukari nyingi, pombe na kukaa tu. Shamba likiwa karibu, acha pikipiki, tembea.

Lakini tusiwanyime watoto chakula. Mwili unahitaji mafuta kiasi. Tena, hata mtu mwembamba huweza kupata kisukari. Ukiona kiu kali na kukojoa mara kwa mara, nenda zahanati upimwe.

Ndugu zangu, tuache kumsifu mtu kwa ukubwa wa tumbo. Tumsifu yule ambaye hata uzeeni bado anapanda mlima kwa miguu yake na jembe begani.