Daftari la Mweka Hazina

Wengi kati yenu mmo katika chama fulani: cha waalimu, cha wauguzi, cha mafundi, ama cha kuzikana. Basi mwalijua daftari la mweka hazina. Sisi twalikuwa na daftari kama hilo katika chama kimoja cha waalimu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina arobaini. Mwaka wa tatu waliolipa ada walikuwa tisa, na mmoja wao ndiye mweka hazina mwenyewe. Twaliwalaumu wenzetu kwa uvivu. Lakini tangu tuliposoma habari za wauguzi wa Marekani, twaona kwamba lawama ile ilikuwa nusu tu ya kweli.

Chama chao kilianzishwa mwaka 1896, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Isabel Hampton Robb. Siku zile mtu yeyote aliweza kujiita muuguzi, hata kama hakufundishwa lolote, na mgonjwa hakuwa na njia ya kumtambua. Wauguzi wakaungana, wakadai sheria. Jimbo la North Carolina lilitangulia kuitunga mwaka 1903. Kufika mwaka 1923 majimbo yote yalikuwa nayo. Muuguzi wa wakati ule hakuwa na haja ya kuelezwa faida ya chama: aliiona katika cheti alichokishika mkononi.

Leo wauguzi wenye cheti katika nchi ile wapita 4 000 000, lakini waliomo katika chama hicho kikubwa, American Nurses Association, hawafiki mmoja katika kumi. Kwa nini? Wengine wasema ada ni nzito kwa mwenye watoto na kodi ya nyumba. Wengine wamechoka: mtu aliyesimama saa 12 wodini hatamani mkutano wa jioni. Wengine wamejiunga na vyama vidogo vya kazi yao hasa, kama kile cha wanaowahudumia wagonjwa mahututi, kilichoanza mwaka 1969. Viongozi walipunguza ada katika majimbo mengi hata kufikia dola 15 kwa mwezi, kwa chama cha jimbo na cha taifa pamoja, na watu wakarudi kiasi. Hilo ni jema. Walakini sisi hatuamini kwamba fedha ndiyo kiini cha jambo.

Tazameni yaliyotokea California. Mwaka 1995 wauguzi wa jimbo hilo walijitenga na chama cha taifa. Wale wa wodini walinung'unika kwamba wakubwa wao waliwajali zaidi wasimamizi na waalimu wa vyuo kuliko mtu anayegeuza mgonjwa kitandani. Wakashika neno moja: muuguzi mmoja apewe wagonjwa wangapi? Nani asiyejua kwamba aliyepewa wagonjwa wengi kupita nguvu zake hawezi kumwona yule anayezidiwa kimya kimya pembeni? Mwaka 1999 jimbo likatunga sheria, ya kwanza ya namna ile katika nchi nzima, ikaanza kutumika mwaka 2004: chumba cha mahututi, wagonjwa wawili kwa muuguzi mmoja; wodi ya kawaida, tangu 2005, watano. Chama kile kilichojitenga kikakua sana. Sisi hatusifu utengano, maana nyumba iliyogawanyika huwa na paa mbili zinazovuja. Lakini twakiri kwamba watu hufuata chama kinachoijua taabu yao.

Tena kuna waliotamani kuingia wakafungiwa mlango. Katika majimbo ya kusini wauguzi weusi walikataliwa kwa ajili ya rangi yao, nao walikuwa wameunda chama chao mwaka 1908. Ndipo mwaka 1948 chama cha taifa kikakubali kuwapokea moja kwa moja, bila kupitia jimbo. Na mwaka 1951 chama chao kikavunjwa, wakijiunga na kile kikubwa. Mwaka 2022 chama cha taifa kiliomba radhi hadharani kwa ubaya ule. Miaka mingi hiyo! Kiongozi anayelia kwamba watu ni wachache, je, amehesabu na wale aliowafukuza?

Turudi kwenye daftari letu. Mweka hazina aliyefuata hakuandika barua ya karipio. Alikwenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, bila kudai ada, akiuliza tu: «Mwalimu, ni jambo gani linalokusumbua shuleni?» Karibu wote walimjibu jambo moja, mishahara inayochelewa, neno ambalo halikutajwa hata mara moja katika mikutano yetu, twalikuwa tukijadili rangi ya bendera. Katika mkutano uliofuata walifika ishirini na watatu. Bendera haijashonwa bado.