Bia ni Mbaya ama Ni Wewe Huipendi? Acha Kuchanganya, Inakukula Doh

Ingia local yoyote Ijumaa usiku, iwe Roysambu, Rongai ama Umoja, na hutakosa meza moja inabishana. Mmoja ameshika ndovu, mwingine Guinness, wa tatu amekuja na chupa ya craft ya bei ya lunch ya siku mbili. Kabla raundi ya pili ifike, kuna msee atatupa ile line: "Hiyo si bia, hiyo ni maji."

Shida ya hiyo line ni kwamba imebeba maswali mawili, na wasee huyajibu kama ni moja. Swali la kwanza: hii bia imefanya kazi yenye aina yake inafaa kufanya? La pili: mimi naipenda? Unaeza jibu "ndio" kwa la kwanza na "zii" kwa la pili, na bado uko sawa kichwani. Kuna watu wanajua pilau imepikwa poa na bado hawataki kusikia harufu ya iliki. Hawasemi mpishi hajui kazi. Wanakula ugali wanasonga.

Ukichanganya hayo maswali, mwenye kuumia ni wewe. Utalipa ganji mingi kwa kitu hufurahii, ju mtu alikuambia ni kitu ya class. Ama utamaliza chupa imeharibika ukidhani ni ulimi wako haujui bia.

Majaji wa ukweli hupima aje

Kuna watu wanasomea kuhukumu bia, na wanafanya mtihani kabisa. Marekani kuna mpango unaitwa Beer Judge Certification Program, ama BJCP, ulioanza 1985. Fomu yao ina alama 50. Ladha inabeba 20, harufu 12, picha ya jumla 10, vile bia inasikika mdomoni 5, na muonekano 3. Umecheki hapo? Rangi na povu, ile kitu unapiga picha ya kuweka kwa status, ni alama 3 pekee.

Jaji haoni chupa. Analetewa kikombe hakina jina, anaambiwa tu aina: hii ni stout, hii ni pilsner ya Kicheki. Kazi yake ni kulinganisha kile kiko kwa kikombe na maelezo ya hiyo aina. Anaeza kuwa msee hajawahi kununua stout na pesa yake. Lakini akiletewa stout imeivana, lazima aipe alama zake.

Hii stori ya kupanga bia kwa staili ilisambazwa sana na Michael Jackson. Tulia, si yule wa moonwalk. Huyu alikuwa mwandishi wa Uingereza, na kitabu chake cha 1977, The World Guide to Beer, ndicho kilizoesha watu wengi kuongea kuhusu bia kwa aina zake.

Kosa hapa, sifa pale

Mbona aina ni muhimu hivyo? Ju ladha moja inaeza kuwa kosa kwa bia moja, na kwa nyingine iwe ndiyo kitu kizima.

Chukua uchachu. Lager ikichacha, kuna kitu imeenda vibaya, mara nyingi ni bakteria wameingia. Lakini lambic ya Ubelgiji bila uchachu si lambic. Na busaa je? Mpelekee mzee kule Kakamega busaa nyepesi, haina uchachu, inang'aa kama Tusker, uone kama hatakuuliza umepotea njia wapi. Busaa inafaa kuwa nzito, na ichachuke. Ukiipima kwa kipimo cha lager itapata sufuri, na sufuri hiyo itakuwa ya mwenye kupima.

Chukua harufu ya siagi. Inaletwa na kemikali inaitwa diacetyl. Kwa lager nyingi ni ishara kwamba bia ilitolewa mapema kabla hamira imalize kazi, ama mabomba ya bar hayajaoshwa. Lakini kwa pilsner ya Kicheki na ale kadhaa za Kiingereza, ikiwa kidogo tu, hakuna mtu atalia.

Halafu kuna uchungu. Pilsner ya kwanza ilipikwa na Josef Groll mwaka 1842 kwa mji wa Plzeň, ambao leo uko nchi ya Czech. Ilikuwa na rangi ya dhahabu, na uchungu wa hopsi unaobaki mdomoni. Mcheki akionja lager nyepesi za Nairobi anaeza uliza uchungu ulienda wapi. Jibu ni kwamba hizi zilitengenezewa kazi ingine: jua kali, chupa ya nusu lita, na stori ndefu. Tusker Lager ni asilimia 4.2. Kuipima na kipimo cha Plzeň ni kama kumtoa Kipchoge kwa marathon umpeleke mita 100, halafu useme hajui kukimbia.

Nyeusi haimaanishi kali

Hapa ndio wasee wengi huchomeka. Ukiuliza mtaani bia gani ni kali, watu huangalia rangi. Nyeusi inaogopewa, ya dhahabu inaonekana soft.

Sasa shika hii: Guinness Draught, ile laini ya povu kama krimu inayomiminwa kwa pub za Dublin, ni asilimia 4.2. Sawa sawa na ndovu. Weusi unatoka kwa shayiri iliyochomwa, na hauongezi pombe. Ile Guinness ya chupa umezoea huku ni ndugu mwingine, Foreign Extra Stout, wa ukoo wa porter iliyotengenezwa Dublin kuanzia 1801 kwa safari ndefu za meli kwenda Karibiani. Hiyo ndiyo iko na nguvu zaidi na makali zaidi. Jina ni moja, kazi ni mbili.

Kwa hivyo msee akirudi kutoka ng'ambo akuambie "Guinness ya huko ni maji," hajakudanganya kuhusu ulimi wake. Amekudanganya kuhusu bia. Alikunywa staili ingine akitafuta ile ya nyumbani.

Lakini majaji pia si Mungu

Usikimbie ukadhani mwenye fomu ndiye ameshinda. Hayo maelezo ya staili yaliandikwa Marekani, na yameangalia hasa bia za Ulaya na za hukohuko Marekani. Busaa, mbege ya Wachagga yenye ndizi na wimbi, na urwaga wa Rwanda ni pombe za watu walioanza kupika kabla hizo fomu zifikiriwe. Zina sheria zake, na wanaozijua ni wamama na wazee wanaozipika. Hao pia ni majaji. Hawana tu fomu.

Kingine, fomu haijui ulimi wako. Kuna jeni inayofanya watu wengine wasikie aina fulani za uchungu sana, na wengine wasisikie kitu. Kwa hivyo ile IPA beshte yako anasema ni "moto," kwako inaeza kuwa kama kutafuna dawa ya malaria. Hakuna mtu ako wrong. Na ulimi pia hubadilika. Kitu ulitema ukiwa na miaka 20 unaeza kipenda ukifika 28.

Jaji anaeza kukuambia kama fundi alifanya kazi. Hawezi kukuambia ununue nini na pesa yako ya mwisho wa mwezi. Hilo ni lako.

Jaji wa tatu hakualikwa

Tuseme ukweli. Nairobi watu wengi hawahukumu kwa staili wala kwa ulimi. Wanahukumu kwa lebo na bei. Chupa ya kijani inaonekana ya wadosi. Kinywaji kitamu kinaitwa cha madem. Na keg inaitwa ya watu wamesota.

Hiyo dharau ya keg ndiyo inaumiza zaidi, ju haijui historia. Senator Keg ilianzishwa 2004, na serikali ikaipunguzia ushuru kusudi mtu wa kipato kidogo apate kitu safi badala ya pombe ya kichochoro. Wasee wakaibandika jina "Obama," ju huyo naye alikuwa seneta. 2013 ushuru ukarudishwa, bei ikapanda, na mauzo yakaanguka vibaya. Mei 2014, pombe yenye methanol iliua watu wengi Embu, Kiambu na kaunti zingine. Siwezi kukuambia kila marehemu angekuwa hai kama keg ingebaki bei ya chini. Lakini nakuambia hivi: baada ya hapo serikali iliirudishia keg ile nafuu ya ushuru, na haikuwa ju ya ladha.

Sasa ipime kwa kazi yake. Senator inapikwa na mtama wa wakulima wa hapa. Inafaa kuwa nyepesi, fresh, bei ya chini, na salama. Ikifanya hivyo, ni bia nzuri ya aina yake. Kama wewe huipendi, sawa, agiza ingine. Lakini ukiicheka ju jirani yako anakunywa kwa kikombe cha plastiki, hapo huongei tena kuhusu bia. Unaongea kuhusu jirani.

KRA nao wana kipimo chao

Tangu mwisho wa Desemba 2024, ushuru wa bia Kenya unahesabiwa kwa nguvu ya pombe. Zamani ilikuwa shilingi 142.44 kwa lita, iwe kali ama nyepesi. Sasa ni shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya pombe tupu. Piga hesabu: nusu lita ya asilimia 4.2 iko na sentilita 2.1, kwa hivyo ushuru huo ni kama 47 bob. Zamani ingekuwa 71. Nusu lita ya asilimia 6.5 inafika kama 73. Wapishi wadogo wa kujitegemea wamewekewa shilingi 10 kwa sentilita.

Maana yake ni gani kwako? Sehemu ya tofauti ya bei unayoona kwa menu haihusu utamu wala ufundi. Ni asilimia. Chupa kulipiwa ushuru mkubwa haimaanishi ni bora. Inamaanisha itakuangusha haraka.

Kwa hivyo ufanye aje

Kwanza, kabla useme bia ni mbaya, uliza ni aina gani. Soma lebo. Kama ni stout, usitafute lager ndani yake.

Pili, jua makosa ambayo karibu hakuna staili inayataka. Ukionja karatasi ama kadibodi, hiyo bia imezeeka. Ukisikia harufu ya kicheche, hiyo imepigwa na mwanga. Hopsi na mwanga haviskizani, na chupa ya brauni hulinda kuliko ya kijani ama ile haina rangi. Hiyo chupa ya kijani umeambiwa ni ya wadosi, ikikaa dirishani siku tatu inakuwa taka ya bei ghali. Rudisha bila aibu.

Tatu, lile swali la waiter, "moto ama baridi?" Baridi kali huficha ladha, nzuri na mbaya. Ukitaka kujua kama bia iko sawa, iache ipoe kidogo ile barafu. Wale wazee mnawacheka ju ya kuagiza moto wanasikia vitu nyinyi hamsikii.

Nne, jaribuni hii kwa keja wikendi. Chukueni lager tatu za bei tofauti, mtu mmoja amimine kwa vikombe vya kufanana bila wengine kuona, halafu kila mtu aandike maswali mawili: imepikwa poa? naipenda? Mkifunua chupa, msimcheke mtu. Angalieni tu ni wangapi walichagua ile ya bei ya chini.

Na kuna kitu kimoja ulimi hauwezi kukusaidia, hata ukiwa jaji wa kimataifa: methanol. Huwezi kuitofautisha na pombe ya kawaida kwa kuonja. Hapo staili na ladha zote zimeisha. Angalia muhuri, angalia stempu ya KRA, unaeza hata kuiscan na app ya Soma Label, na kama bei inashangaza, shangaa.

Kama hujafika 18, hii yote ilikuwa ya kusoma tu. Wengine wote, Ijumaa hii msee akianza na "hiyo si bia," muulize tu: ni mbaya, ama ni wewe huipendi? Halafu ngoja ajibu kabla umnunulie ingine.