Kuzima Si Kufuta: Nasaha Kuhusu Kompyuta za Madrasa na Nyumbani



Kompyuta moja ya madrasa yetu hapa Rusizi ilijaa. Diski yake ni ndogo, na kila siku ilitoa onyo kuwa nafasi imekwisha. Tukazima vipengele vya Windows tusivyovitumia: faksi, XPS na kicheza muziki cha zamani. Tukaiwasha upya, tukatazama diski. Nafasi ilikuwa ile ile. Kwa haraka yetu tukajipa ruhusa ya lazima, tukaingia folda ya WinSxS na kuanza kufuta kwa mkono. Siku ya pili kompyuta haikuwaka. Rejista ya watoto na alama za muhula mzima zilikuwa humo, na nakala hatukuwa nayo.

Kosa lilikuwa letu. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, kuzima kipengele hakufuti mafaili yake. Yanabaki kwenye diski ili siku ukikihitaji ukiwashe bila CD. Ni kama kufunga chumba kwa ufunguo: hukitumii, lakini vyombo bado vimo ndani. Na ile folda ya WinSxS huonekana kubwa kuliko ilivyo, kwa sababu faili moja huweza kuonekana katika folda mbili na likahesabiwa mara mbili.

Anayetaka kusafisha kweli, njia ipo. Afungue dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, aandike:

DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup

Amri hii huondoa matoleo ya zamani ya mafaili ya mfumo ambayo masasisho yameshayabadilisha. Haibadiliki hata kama kompyuta yako ni ya Kifaransa. Ama mafaili ya kipengele kilichozimwa, tangu Windows 8 ya mwaka 2012 amri ya DISM ya kuzima kipengele huongezewa neno /Remove mwishoni, nayo huyaondoa.

Lakini hapa tuna rai yetu. Ukishayaondoa, siku ya kukihitaji kipengele hicho itabidi uyapakue upya kwa intaneti au uwe na diski ya kusakinishia. Familia inayonunua bando kidogo kidogo ijiulize: je, nafasi tuliyoipata inazidi gharama hiyo? Mara nyingi, haizidi. Kwa wengi wetu kuzima kunatosha, na nafasi itafutwe kwanza kwenye video zilizojirudia, mafaili ya muda, na folda ya Windows.old iliyobaki baada ya kupandisha toleo, ambayo huondolewa kwa programu ya Disk Cleanup. Ila ukishaiondoa hiyo, huwezi tena kurudi toleo la zamani.

Na kabla ya yote hayo, nakili kazi za watoto kwenye flashi, kisha ufungue flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zinasomeka. Kompyuta ya madrasa ni amana, na alama za mtoto wa mtu ni amana kubwa zaidi. Sisi tuliwaita wazazi, tukaomba radhi, tukarudia mitihani. Wanafunzi walilipia haraka yetu. Tusingependa yawafike na nyinyi.

Wabillahi tawfiq.