Ugoro Hauna Moshi, Bali Sumu Unayo

Wapenzi akina mama, likitajwa neno tumbaku mawazo yetu huwaendea akina baba wavutao sigara, nasi hujiona tu salama. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya tumbaku isiyowashwa moto, maana hiyo imo majumbani mwetu, tena mikononi mwa wanawake: ugoro wa kunusa au kubwia, tumbaku ya kutia ndani ya tambuu kule pwani, na vile vipakiti vya kuberi ambavyo vijana huficha ndani ya mdomo. Kanisani tunamkemea kijana mwenye sigara, lakini bibi aliyefunga ugoro kwenye pindo la khanga hatumwambii neno.

Watu husema ugoro hauna neno kwa kuwa hauna moshi. Ni kweli moshi una sumu zake. Lakini nyingine zimo kabla hata kiberiti hakijawashwa. Kwanza ni nikotini, ambayo mmea huitengeneza ili kujikinga na wadudu. Hiyo ndiyo inayomfunga mtu ashindwe kuacha. Kisha kuna nitrosamini. Hizi si nyingi katika jani bichi. Huzaliwa jani linapokaushwa, linapovundikwa na kuwekwa muda mrefu penye joto na unyevu. Hizo ndizo hasa zinazoleta saratani. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani walikata shauri kwamba tumbaku isiyo na moshi husababisha saratani ya kinywa na ya kongosho, na mwaka 2009 wakaongeza ile ya koo la chakula. Kemikali za saratani zilizokutwa ndani yake hazipungui 28.

Sasa tuje kwenye magadi, yale yale tunayotia kwenye makande yaive upesi. Bibi zetu husema ugoro usio na magadi haukolei, na hapo wako sahihi kabisa. Penye uchachu, nikotini haipenyi kwa urahisi ngozi laini ya kinywa. Magadi, majivu au chokaa ya tambuu huuondoa uchachu huo, nikotini ikafunguka na kuingia kwenye damu kwa dakika chache. Kwa hiyo kijiko kimoja cha ugoro wa huyu si sawa na cha yule. Anayeukoleza sana anajifunga kamba nene zaidi. Huko Sudan ugoro wao uitwao toombak hutiwa magadi pia, na vipimo vimeonyesha nitrosamini nyingi mno ndani yake. Tambuu nayo ina hatari mbili, kwa sababu popoo peke yake, hata bila tumbaku, huleta saratani, na huweza kukakamaza mashavu mpaka mtu ashindwe kufungua kinywa vizuri.

Mama mjamzito ndiye ninayemfikiria zaidi. Wapo wanaobwia ili kutuliza kichefuchefu. Nikotini hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na hubana mishipa ya damu. Wanaotumia tumbaku hii wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuzaa mtoto mfu, kuzaa kabla ya wakati, au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Akinyonyesha, nikotini humo katika maziwa. Kliniki huulizwa, "Unavuta sigara?" naye mama hujibu hapana, bila kusema uongo, na kadi haiandikwi kitu. Usingoje swali, mama. Sema mwenyewe kwamba unatumia ugoro. Muuguzi mwema hatakucheka.

Jambo jingine ni kikopo chenyewe. Mtoto anayetambaa hutia kila kitu kinywani, na ugoro kidogo tu unaweza kumtapisha, kumfanya apauke na hata kumtia degedege. Ikitokea, usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali pamoja na hicho kikopo.

Kwa anayetumia, naomba ajitazame kinywa mbele ya kioo mchana, hasa pale anapouweka: ndani ya mdomo, kwenye fizi, chini ya ulimi. Baka jeupe lisilofutika, baka jekundu, uvimbe, au kidonda kisichopona kwa majuma 2 vyote ni vya kumwonyesha daktari. Asidanganyike kwa kuwa hakiumi, maana saratani changa mara nyingi haiumi. Na ugoro juu ya jino bovu huzuia tu safari ya kwa daktari wa meno.

Kuacha ni kugumu, tusidanganyane. Siku za kwanza huwa mbaya kuliko zote: kichwa kuuma, hasira, usingizi kupaa. Kwa wengi hali hiyo hupungua ndani ya majuma 2 hadi 4. Kinywa kinachotafuta kitu kipewe karanga au kipande cha tangawizi. Kama anayetumia ni mama mkwe, usimfichie kikopo wala kumsema mbele ya wajukuu. Mwamkie, kaa naye jikoni, mweleze habari za magadi, kwa kuwa hayo anayajua kuliko wewe, kisha umwombe akuruhusu kumtazama kinywa.