Upepo Mwanana na Safari ya Kisiwani



Dominika hizi mazungumzo baada ya Misa yamegeuka kikao cha safari. Wanakwaya na wazazi wao wanapanga kwenda Mafia: kutoka hapa Mohoro, kuvuka Daraja la Mkapa, kupita Ikwiriri na Kibiti, kushika njia ya Bungu hadi Nyamisati, na hapo kupanda chombo cha kwenda Kilindoni. Ni nia njema, maana wengi wetu tumekulia karibu na delta na hatujakikanyaga kisiwa kile. Michango imehesabiwa, sare zimechaguliwa, tarehe imepangwa kwa kufuata likizo ya shule. Swali moja tu halijapata jibu: bahari ikichafuka siku hiyo, tutafanyaje?

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27, chatusimulia safari nyingine katika bahari ya Mediteranea. Paulo alikuwa mfungwa akipelekwa Roma. Walipofika Krete, mahali paitwapo Bandari Nzuri, majira salama ya kusafiri yalikuwa yamepita, naye akawaonya. Lakini yule akida wa Kirumi aliwasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu, na walio wengi wakashauri waendelee, kwa kuwa bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi. Kisha ukavuma upepo mwanana wa kusini, wakadhani mambo yamewanyookea. Haukupita muda, dhoruba ikawakamata. Usiku wa kumi na nne ulipopita, watu 276 walifika ufukweni mwa Malta, wengine wakielea juu ya mbao, na merikebu yao ikavunjika.

Tuangalie vema: habari hii haina mtu mwovu. Nahodha alikuwa na ujuzi, mwenye merikebu alikuwa na shehena yake ya ngano, na walio wengi walikuwa na haraka ya kupata bandari iliyo bora. Aliyesema "tusiende" ndiye hakuwa na mamlaka yoyote.

Nasi tumeyaona hayo katika maji yetu wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, iliyojaza watu kupita kiasi, ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia wakafa. Habari za siku zile zilieleza kwamba baadhi ya wasafiri walikataa kupanda walipoona imejaa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Kinyume chake, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Bila shaka wako walionung'unika kwa kucheleweshwa. Kucheleweshwa kule kulikuwa rehema.

Wako watakaosema kwamba ajali haina kinga, na kwamba Mungu atatulinda. Mungu hulinda, naam. Lakini Paulo alikuwa amekwisha kupewa ahadi kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea, na bado aliwazuia mabaharia waliotaka kutoroka kwa mashua ndogo, akawahimiza watu wale chakula wapate nguvu. Ahadi ya Mungu haikumwondolea kazi. Anayemtaja Mungu ili asikague chombo hana imani kubwa kuliko wenzake, anamjaribu Bwana.

Kwa hiyo naomba mambo matatu yaingizwe katika mpango. Kwanza, tuongeze siku moja ya akiba, pamoja na fedha za chakula na malazi pale Nyamisati, ili kungoja kusihesabiwe kuwa hasara. Chombo huko hungojea maji kujaa. Basi nasi tujue kungojea. Pili, achaguliwe mtu mmoja mwenye kuijua bahari, naye apewe neno la mwisho la kusema "leo hatuvuki". Wavuvi wetu, Wakristo na Waislamu, wanazijua kusi na kaskazi kuliko mimi padre. Tatu, tukubaliane kabla ya kuondoka kwamba mtoto au mtu mzima atakayekataa kupanda chombo kilichojaa hatachekwa wala kuitwa mwoga.

Najua mwenye mgonjwa au mwenye bidhaa za kuoza hana siku ya akiba. Kwa ajili yake, wenye mamlaka wahakikishe vyombo vinatosha na hesabu ya abiria inaheshimiwa. Sisi tunaokwenda kutembea na kuimba hatuna udhuru huo.

Mwaka 2024 mafuriko ya mto Rufiji yalituingilia hapa Mohoro mpaka majumbani. Hatuhitaji kufundishwa nguvu ya maji. Tunachohitaji ni ujasiri wa kuahirisha, hasa pale upepo mwanana unapovuma na kila mtu amekwisha kuvaa sare. Atakayesema siku hiyo "tungoje", tumshukuru kama tunavyomshukuru aliyetufikisha salama.